Mwenye Nguvu Mpishe: Historia ya Vyombo na Watembea kwa Miguu Dodoma

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita Ugogo, nchi ya Wagogo ambamo Dodoma ipo leo, akiwa na mwenzake John Speke, wakielekea Tabora na Ziwa Tanganyika. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860 alieleza jinsi misafara miwili ilivyopishana katika njia nyembamba ya bara. Kila msafara ulitanguliwa na kirangozi, mtu mwenye vazi jekundu, manyoya kichwani na bendera nyekundu mkononi. Virangozi walisogeleana kwa madaha, hatua moja kisha kusimama, wakitazamana kwa pembe ya jicho. Walipokaribiana waliinama ghafla wakagonganisha vichwa, na wapagazi nyuma yao wakafuata kwa kusukumana. Mgeni angedhani vita vimezuka. Kama hapakuwa na kisasi cha zamani, mambo yaliishia kwenye vicheko. Lakini mshindi alijulikana: kundi dogo lilijitoa njiani, kundi kubwa likapita.

Hiyo ni mojawapo ya kanuni za mwanzo za barabara zinazojulikana kwa maandishi katika nyanda hizi, na methali yetu imeifupisha kwa maneno matatu: mwenye nguvu mpishe. Historia ya barabara za Dodoma tangu siku hizo ni historia ya kanuni hiyo kubadilisha mavazi. Kirangozi alivua manyoya, akaja dereva wa treni, kisha dereva wa lori, kisha dereva wa basi na wa gari la serikali. Kila mmoja alikuja na sauti yake na taa zake. Katika sauti na taa zote hizo, ujumbe wa "ondoka" umekuwa wazi siku zote. Ujumbe wa "nimekuona, pita" ndio uliokosa chombo cha kuusema.

Baragumu na hongo

Msafara wa karne ya 19 haukuwa kimya. Kirangozi alifuatwa na mpiga ngoma, na pembe ya tandala, yaani baragumu, ilipulizwa kuwaamsha wapagazi, kuwakusanya na kutangaza kwamba watu wanakuja. Walipokaribia kijiji au kambi walifyatua bunduki hewani. Kelele hizo zilikuwa na kazi: katika mbuga yenye vichaka, msafara unaotokea kimyakimya hudhaniwa kuwa wa wavamizi.

Hata hivyo Ugogo palikuwa na jambo ambalo wasafiri wote walilalamikia. Hapo mpita njia, hata awe na bunduki mia, alilazimika kusimama. Nchi ni kame, mvua ni ya msimu mmoja, na visima pamoja na nafaka vilikuwa mikononi mwa Wagogo. Mtawala kama Magomba wa Kanyenye aliweza kuuzuia msafara kwa siku kadhaa mpaka hongo, yaani ushuru wa kupita, ilipwe kwa nguo, shanga na waya. Manyoya na madaha ya kirangozi hayakusaidia kitu mbele ya mwenye maji. Kwa hiyo katika Ugogo ya wakati huo mwenye nguvu alikuwa mwenyeji, na aliyepisha alikuwa mgeni mwenye haraka zake.

Tuliweke hilo akilini, kwa sababu linaonyesha kwamba hakuna maumbile yanayomlazimisha mpita njia awe bwana wa njia. Ubwana huo hutokana na nani anaweza kumsimamisha mwingine.

Chombo kisichosimama

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Dodoma, iliyokuwa makazi madogo tu, ikawa mji wa stesheni. Misafara ya wapagazi ikafifia, na pamoja nayo ikafifia hongo. Treni haikulipa hongo kwa mtu.

Treni ilileta aina mpya ya mazungumzo na mtembea kwa miguu. Haiwezi kukwepa, kwa kuwa njia yake ni chuma. Haiwezi kusimama ghafla, kwa kuwa uzito wake ni mamia ya tani na magurudumu ya chuma hayashiki reli kama mpira unavyoshika lami. Basi kitu pekee inachoweza kumwambia aliye mbele ni kuondoka. Inasema hivyo kwa honi kubwa, kwa taa, na kwa mtetemo wa reli ambao mchungaji mzoefu huusikia kabla hajaiona. Mtu anayeishi kando ya reli hajaribu kumtazama dereva usoni. Anajua uso huo hauna uamuzi wowote wa kufanya.

Kwa treni, sheria hiyo ni ya haki. Kinachostahili kuulizwa ni kwa nini gari, lenye breki na usukani, lilirithi adabu za treni.

Jibu linaanzia mbali na Dodoma. Taa ya kwanza ya kuongoza vyombo barabarani iliwekwa London mwezi Desemba 1868, nje ya jengo la Bunge. Aliyeibuni, J. P. Knight, alikuwa mhandisi wa reli, na alichukua mikono na taa nyekundu na kijani za reli akazisimamisha mtaani. Lengo lilikuwa kuwawezesha watu, wabunge wakiwamo, kuvuka katikati ya mikokoteni na farasi. Taa hiyo ilitumia gesi. Januari 1869 gesi ililipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha, na wazo lenyewe likawekwa kando kwa miaka mingi.

Kisha likaja gari. Tarehe 17 Agosti 1896, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na kufa katika eneo la Crystal Palace, London. Ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la injini nchini Uingereza. Dereva, Arthur Edsall, alijitetea kwamba alikuwa akienda polepole, maili nne kwa saa, na kwamba alipiga kengele na kupaza sauti. Kifo kikatangazwa kuwa ajali. Tazama utetezi huo ulivyojengwa: chombo kimetoa taarifa, kwa hiyo wajibu wa kuokoka umehamia kwa aliye mbele. Maneno hayo hayo husikika mpaka leo kando ya barabara zetu, dereva akieleza mbele ya umati: "Nimempigia honi!"

Taa zinazotazama nyuma

Magari yalipozidi, wabunifu waliyapa namna za kusema. Mwaka 1908 honi ya umeme iitwayo Klaxon, kazi ya Mmarekani Miller Reese Hutchison, ilianza kuuzwa. Zikafuata taa za breki, halafu mikono midogo iliyochomoza ubavuni kuonyesha gari linapinda, na kuanzia mwaka 1939 magari ya Buick yakauzwa na indiketa zinazowaka na kuzima.

Ukizihesabu taa hizo, utaona jambo ambalo halisemwi sana. Taa ya breki iko nyuma, na inamwambia dereva anayefuata kwamba gari linapunguza mwendo. Indiketa inawaambia madereva wengine kwamba gari linahama upande. Mtembea kwa miguu aliyesimama mbele ya gari, ambaye uhai wake ndio unaotegemea zaidi breki hizo, hana taa inayomwonyesha kwamba zimekanyagwa. Uso wa gari ulitengenezwa umulike njia na upige kelele. Haukutengenezwa uahidi chochote.

Magari ya namna hiyo ndiyo yaliyofika Dodoma wakati wa Waingereza. Mji ulikuwa mahali reli ya mashariki na magharibi inapokutana na Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyotoka Iringa kupitia Dodoma, Kondoa na Babati hadi Arusha. Kati ya mwaka 1947 na 1951 mpango wa karanga wa Kongwa ulimwaga trekta, malori ya kijeshi yaliyotumika na mashine zilizotengenezwa kutokana na vifaru vya vita katika nchi ambayo watu wake walizoea mwendo wa ng'ombe. Mpango ulianguka kwa ukame, kwa udongo mgumu na kwa haraka ya waliouanzisha. Malori yalibaki barabarani.

Katika miaka hiyohiyo Uingereza ilikuwa ikijaribu kumpa mtembea kwa miguu sehemu yake. Mwaka 1951 mistari myeupe na myeusi ilianza kuchorwa rasmi katika vivuko vya nchi hiyo, na kwa njia ya sheria za kikoloni na za baadaye mistari hiyo ikafika kwetu. Wazo la zebra lilikuwa geni kabisa katika historia tuliyoisimulia. Rangi iliyo chini ndiyo iliyopewa kusema, na maneno yake yalielekezwa kwa dereva: hapa wewe ndiye unayepisha.

Mwaka 1973

Mwaka 1973 ulikuwa na matukio mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja. Bunge lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka huo, ambayo pamoja na marekebisho na kanuni zake bado ndiyo msingi wa wajibu wa dereva na mtembea kwa miguu Tanzania Bara. Na mwezi Oktoba chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa kusimamia ujenzi.

Mpango mkuu wa mji mpya ulikamilika mwaka 1976. Uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, kwa kufuata siasa ya Ujamaa. Waandishi wake hawakutaka Dodoma iwe mji wa majengo marefu na barabara za magari binafsi. Walichora jumuiya ndogo ndogo zenye shule, duka na zahanati ambavyo mtu angevifikia kwa miguu. Katika usafiri, aliyewekwa mbele alikuwa mtembea kwa miguu, akifuatiwa na mwendesha baiskeli, kisha basi lenye njia yake. Gari binafsi lilikuwa la mwisho. Njia za miguu zilipita katika mikondo ya kijani iliyofuata mabonde, mbali na barabara kubwa.

Ukiusoma mpango huo kwa jicho la leo, unaona kwamba ulilimaliza suala la mazungumzo kati ya gari na mtu kwa kuwatenganisha. Mahali ambapo njia zao hazikutani, honi haina wa kumfukuza. Kilichokosekana ni fedha. Uchumi wa nchi ulitikiswa na bei ya mafuta, kisha na vita vya Kagera, na uhamisho wa serikali ukasuasua kwa miongo minne. Baadhi ya mitaa ilijengwa kama ilivyochorwa, lakini mikondo mingi ya kijani ikageuka viwanja, mashamba ya msimu na njia za mkato. Vumbi la njia hizo linaonyesha kwamba watu waliendelea kutembea hata pale mpango uliposinzia.

Jiji linapokuja kwa haraka

Kuanzia mwaka 1996 vikao vyote vya Bunge vikawa vinafanyika Dodoma. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kufundisha, na maelfu ya vijana wakaanza kushuka na kupanda kati ya chuo na mjini. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli, na Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. Mei 2017 CDA ilivunjwa. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa inaeleza yaliyobaki: watu 410,956 mwaka 2012, watu 765,179 mwaka 2022.

Barabara nazo zilinyooka. Lami ya kwenda Iringa upande wa kusini na ile ya kwenda Babati upande wa kaskazini, iliyozinduliwa mwaka 2018, zilikamilisha ndoto ya zamani ya Barabara Kuu ya Kaskazini. Mji wa Serikali ulijengwa Mtumba kando ya barabara ya Dar es Salaam, na kituo kikuu cha mabasi na Soko la Job Ndugai vikawekwa Nanenane, kando ya barabara hiyohiyo. Mwaka 2022 liliwekwa jiwe la msingi la barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, ili malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yasilazimike kupita katikati ya jiji.

Matokeo yake ni kwamba barabara kuu ya kitaifa, yenye mabasi yanayotoka Mwanza na malori ya mafuta, imekuwa pia mtaa wa nyumbani. Mama anayetoka sokoni na ndoo ya nyanya, karani anayeshuka kwenye daladala, mtoto wa shule wa Ihumwa, wote wanatakiwa kuivuka. Hapo ndipo lugha ya vyombo inapopimwa.

Lugha hiyo ina msamiati mpana kuliko sheria. Honi fupi ya bodaboda inamwita abiria, na honi ileile sekunde moja baadaye inamwonya mtoto. Konda wa daladala anatoa mkono dirishani na kuusukuma chini, naye dereva wa nyuma anaelewa kwamba mtu anashuka. Anagonga bodi, na aliye kando anajua gari linaondoka. Taa za hazadi zinawashwa kwa kuharibika, kwa msiba, kwa harusi na kwa kuegesha pasiporuhusiwa. Ving'ora vya msafara wa kiongozi, hasa Bunge likiwa na kikao, vinaondoa kila kitu njiani kama kirangozi alivyofanya kwa bendera yake.

Katika msamiati huo wote, lililo hatari zaidi ni fulu. Dereva akiwasha taa kubwa na kuzima mara mbili, huenda anamwambia anayevuka, "pita." Huenda anamwambia, "usithubutu, nimeshakuja." Huenda hata hazungumzi naye, bali anamtahadharisha dereva mwenzake kwamba mbele kuna trafiki na tochi. Maana tatu katika mwanga mmoja, na anayekosea kutafsiri ndiye asiye na bodi ya chuma.

Hata gari likisimama kweli, hatari haijaisha. Kwenye barabara yenye njia mbili kila upande, dereva mwema anasimama kwenye zebra, anatabasamu, anapunga mkono. Mtembea kwa miguu anatoka. Dereva wa nyuma, anayeona gari limesimama lakini haoni kwa nini, anapinda na kuovateki. Ukarimu wa wa kwanza umekuwa pazia linalomficha mtu kwa wa pili. Ndiyo maana madereva hufundishwa kwamba gari lililosimama mbele ya kivuko halipitwi.

Kuna kundi moja la watembea kwa miguu ambalo halina matatizo haya katika nyanda za kati: ng'ombe. Kati ya Kongwa na Manyoni utaona basi la abiria hamsini likipunguza mwendo mita mia mbili kabla ya kundi linalovuka, huku mchungaji amesimama katikati ya lami na fimbo yake juu. Dereva huyo hana heshima zaidi kwa ng'ombe kuliko kwa mtoto wa shule. Anajua tu kwamba ng'ombe haelewi honi, hatarudi nyuma, na akigongwa basi litaharibika na mwenye mali atadai. Pale dereva anapojua kwamba honi haifui dafu, mguu wake huenda kwenye breki bila kuambiwa. Watoto wetu wanaadhibiwa kwa kuwa wepesi wa kuelewa.

Gari lisilo na sauti, gari lisilo na dereva

Wakati Dodoma inajifunza lugha hii, sehemu nyingine za dunia zinaibadilisha. Gari la umeme au la mseto linapokwenda polepole halina mngurumo. Mwaka 2010 Japani ilitoa mwongozo wa kuyapa magari hayo sauti ya bandia, mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ukapitisha kanuni namba 138 kuhusu jambo hilo, na kuanzia Julai 2019 Umoja wa Ulaya ukaanza kuilazimisha kwa aina mpya za magari, kwa mwendo wa hadi kilomita 20 kwa saa. Zaidi ya hapo sauti ya matairi inatosha. Kwa nchi inayonunua magari mengi yaliyotumika Japani hili si jambo la mbali, kwa kuwa gari la mseto lililoundwa kabla ya kanuni hizo linaweza kufika bandarini Dar es Salaam likiwa bubu.

Wa kwanza kuumia ni asiyeona. Buigiri, katika Wilaya ya Chamwino, kando ya barabara ya Morogoro, kuna shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Mwanafunzi wa Buigiri anaisoma barabara kwa masikio: anajua lori linalopanda, basi linalobadilisha gia, pikipiki iliyolegea ekzosi. Fimbo yake nyeupe inamwambia dereva kwamba mwenye fimbo haoni. Yeye akiambiwa "pita" kwa taa, kwa mkono au kwa tabasamu, hajaambiwa lolote. Anachoweza kukisikia ni injini inayoshuka na matairi yanayosimama.

Reli mpya imechagua njia yake. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na haijaachiwa kazi ya kubishana na wapita njia. Njia yake imezungushiwa uzio, na watu na mifugo huvukia juu au chini yake. Chombo kisichoweza kusimama kimetengwa na watu. Hapo wahandisi wamefanya kwa reli kile ambacho wachoraji wa mwaka 1976 walitaka kukifanya kwa barabara.

Magari yanayojiendesha yamezua swali gumu zaidi. Dereva akiondoka, nani atapunga mkono? Watengenezaji wameshindana kujibu. Mwaka 2015 Mercedes ilionyesha gari la majaribio, F 015, linaloweza kuchora zebra ya mwanga mbele ya mtembea kwa miguu. Mwaka 2016 kampuni ya Semcon ya Sweden ilibuni gari linalotabasamu kwa mstari wa taa. Mwaka 2017 Ford na Chuo cha Virginia Tech walimficha dereva ndani ya vazi la kiti, ili watu wadhani gari halina mtu, wakapima jinsi wanavyozipokea taa za kioo cha mbele. Mwaka 2018 Jaguar Land Rover ilikipa chombo cha majaribio macho makubwa yanayomfuata anayevuka.

Watafiti walipouliza kama ubunifu huo unasaidia, majibu yalipoza shauku. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, gari lilifungiwa ubao wa taa wa kumwambia mtu avuke au asivuke. Wengi hawakuutegemea. Waliangalia umbali wa gari na mwendo wake, kama walivyozoea siku zote. Uchunguzi uliofanywa Eindhoven, Uholanzi, nao ulionyesha kwamba watu huamua kwa kuangalia jinsi gari linavyokwenda zaidi ya kutafuta macho ya dereva. Na hilo linaeleweka. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, na ukilisubiri mpaka uone macho ya aliye ndani, huku jua la Dodoma likimetameta kwenye kioo, umechelewa.

Onyo zito lilikuja Machi 2018 huko Tempe, Arizona, ambako gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka usiku huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza kwamba programu ya gari haikuandaliwa kumfikiria mtu anayevuka nje ya kivuko. Jiulize programu hiyo ingefanya nini Majengo, hapa Dodoma, siku ya soko, ambako kivuko ni popote penye nafasi kati ya bajaji mbili.

Neno ambalo wote wanalielewa

Tangu baragumu mpaka gari linalotabasamu, ishara moja tu imeaminiwa na kila aliyesimama kando ya njia: chombo kinachopunguza mwendo mapema, kwa kiasi kinachoonekana na kusikika, na kusimama kabla ya mstari. Ishara hiyo haihitaji taa mpya wala elimu ya kusoma. Mtoto anaielewa, mgeni kutoka Bujumbura anaielewa, asiyeona anaisikia, ng'ombe pia.

Kama ni hivyo, kazi ya jiji ni kuhakikisha neno hilo linasemwa hata na dereva asiyependa kulisema. Tanzania ina mfano wake. Shirika la Amend lilipanga upya maeneo ya shule jijini Dar es Salaam kwa matuta, zebra, vizuizi na njia za miguu. Utafiti ukaonyesha kwamba majeruhi walipungua kwa angalau asilimia 26, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ross ya miji, tuzo ya kimataifa iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Hapakuwa na kompyuta ndani yake. Tuta lililoinuliwa na kuchorwa zebra juu yake linafanya kazi ambayo Magomba aliifanya Kanyenye: linamsimamisha mwenye haraka.

Mwezi Februari 2020 mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walikubaliana Stockholm kwamba mahali ambapo watu na magari huchanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye lami kavu, dereva makini anayekwenda kilomita 30 anahitaji karibu mita 13 kuona na kusimama. Anayekwenda 50 anahitaji karibu mita 28, na anayekwenda 80 zaidi ya mita 50. Mbele ya soko, shule na kituo cha daladala, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anafika nyumbani.

Basi TANROADS na TARURA, mnapoipanua barabara yoyote ya Dodoma, inueni vivuko vyake kabla ya kuisifu lami yake, na pale penye njia mbili kila upande wekeni kisiwa cha kusimama katikati. Dereva, ukifika kwenye zebra, iache honi na iache fulu. Punguza mwendo ukiwa mbali, simama, na subiri bila kumharakisha mtu. Nawe unayevuka, usilipe gari uhai wako kwa sababu limekuwashia taa. Lisubiri lisimame, hakikisha na la pembeni yake limesimama, ndipo uvuke.